Saa ya Kutia Hopsi



Bibi yangu alipika mbege miaka yote niliyomfahamu, wala sikumbuki siku aliyotumia mizani. Ndizi mbivu alizichemsha mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke, kisha akazichanganya na uji wa kimea cha ulezi. Wajukuu tuliruhusiwa kuchochea moto, kukoroga na kuchuja. Kitu kimoja tu tulikatazwa kukigusa: unga wa gamba la msesewe. Huo aliutia mwenyewe kwa ncha za vidole, akionja na kutema, akionja na kutema. Msesewe ni mchungu kama kwinini. Ukizidi, mbege inakuwa dawa. Ukipungua, mnakunywa uji wa sukari.

Mada niliyopewa leo ni namna ya kupanga hopsi katika eli kali ya kupikwa nyumbani, na nimemtaja bibi kwa sababu kazi ni ile ile. Kimea huleta utamu, na utamu hutaka uchungu wa kuushika. Kwetu Uchagani uchungu unatoka kwenye gamba la mti. Hapa Oregon unatoka kwenye ua la mmea unaotambaa juu ya kamba hadi mita 5 au 6. Ila hopsi imebeba vitu viwili, uchungu na harufu, na kila kimoja kinataka saa yake. Makosa yangu ya kupika yamekuwa mengi, na karibu yote yalikuwa makosa ya saa. Kiasi cha hopsi mtu anaweza kukikisia akanusurika. Saa ukiikosa, umeikosa.

Mliokuja kusikiliza tu, msiokunywa pombe, karibuni pia. Kemia ipo ya kutosha humu, na chai iko pale nyuma.

Tuelewane kwanza kuhusu bia yenyewe. Bia nyingi tulizokulia Afrika Mashariki, Tusker, Safari, Kilimanjaro na ndugu zao, ni laga. Laga huchachuka kwenye baridi, polepole, na hopsi zake husikika kwa mbali kama redio ya jirani. Eli huchachuka kwenye joto la chumba, nyuzi 18 hadi 20 hivi, kwa chachu ya namna nyingine. Ile ninayoizungumzia leo, ambayo kwenye chupa huandikwa Pale Ale, rangi yake ni maji ya kunde, na mimi nitaiita hivyo: eli ya maji ya kunde. Ya kawaida ina kilevi cha asilimia 5. Kali, ambayo ndiyo mada yetu, inafika 7 au 8.

Historia yake nitaipitia mbio. Mwisho wa karne ya 18 mpikaji mmoja wa London, George Hodgson wa kiwanda cha Bow, alikuwa akiwauzia manahodha wa meli za India eli yenye hopsi nyingi. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikakaa miezi baharini, zikivuka Ikweta mara mbili. Hopsi ilikuwa kinga, kwa kuwa asidi zake huwazuia bakteria wengi wanaoiharibu bia. Kuanzia miaka ya 1820 wapikaji wa Burton upon Trent, akina Allsopp na wenzake, wakamnyang'anya Hodgson soko hilo. Baadaye mtindo ule ukafifia, na uliporudi kwa kishindo ulirudia huku Marekani. Mwaka 1972 ilitolewa mbegu ya hopsi iitwayo Cascade, iliyozalishwa hapa hapa Oregon, yenye harufu ya balungi ambayo Wazungu wa Ulaya hawakuizoea. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu mtu kupika bia nyumbani kwake bila kodi: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Mwaka 1980 Sierra Nevada ya Chico, California, ikaanza kupika eli yake ya maji ya kunde yenye Cascade, na wapikaji wa majumbani wakaanza kuiiga jikoni. Ndio sisi. (Mnaotaka kurudi Moshi au Nairobi na ujuzi huu, ulizeni kwanza sheria ya huko. Mimi si wakili.)

Sasa shikeni maua haya, mpitishiane. Yamevunwa Yakima, jimbo jirani la Washington, bonde linalotoa sehemu kubwa kabisa ya hopsi za nchi hii. Chukua ua moja, lipasue katikati kwa kucha kama unavyopasua punje ya iliki. Angalia pale magamba yanapoungana na kikonyo: kuna poda ya njano inayonata. Inaitwa lupulini. Majani yale ya kijani yote ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni poda hiyo. Isugue kati ya viganja mpaka ipate joto, kisha nusa. Balungi, msonobari, nyasi zilizokatwa, wengine husikia kitunguu. Sasa ramba kidole. Uchungu mnaousikia hapo ni mkavu, wa kukwaruza; haujawa ule wa bia.

Ndani ya poda hiyo mna asidi alfa, na mna mafuta ya harufu. Asidi alfa haiyeyuki vizuri kwenye maji, na ukiitia kwenye bia baridi, nyingi itatuama chini na masimbi. Lazima ichemke. Ikichemka, molekuli yake hujipanga upya, ikawa asidi iso-alfa, na hiyo ndiyo inayoyeyuka na kubaki kwenye ulimi. Mageuzi hayo huchukua muda, ndiyo maana hopsi za uchungu huchemshwa saa nzima. Mafuta nayo hayataki hata dakika 10 za moto. Yaliyo mengi zaidi katika aina nyingi za Kimarekani huitwa mirsini, na mirsini mnaifahamu bila kujua jina lake, kwa sababu imo kwenye mchaichai na kwenye embe. Mama gani wa Kiswahili huchemsha mchaichai saa nzima? Nyumba nzima ingenukia, kikombe kisinukie. Hopsi zinazochemshwa saa nzima hufanya hivyo hivyo: harufu yote inakwenda kwa majirani.

Basi anayeanza hutiwa wasiwasi na orodha za hopsi anazozikuta: gramu kadhaa dakika ya 60, kadhaa dakika ya 45, ya 30, ya 20, ya 15, ya 5. Dakika hizi, kwa desturi ya wapikaji, huhesabiwa kutoka mwisho wa kuchemsha. Hopsi ya dakika 60 huchemka saa nzima, ya dakika 5 hutiwa unapokaribia kuzima jiko. Orodha ya namna hiyo inaonekana ya kitaalamu. Mimi naiona ni ya mtu aliyeshindwa kuamua. Chukueni hopsi ya dakika 30. Kwa fomula ya Glenn Tinseth, ambayo wengi wetu hutumia, ikichemka dakika 60 kwenye eli kali asilimia 19 hivi ya asidi alfa itageuka kuwa uchungu. Ikichemka dakika 30, asilimia 15. Umepoteza robo ya uchungu na hujaokoa harufu yoyote ya maana. Hopsi ile ingefanya kazi bora zaidi ama mwanzo kabisa ama mwisho kabisa.

Mpango wangu mimi huanzia mwisho. Nakaa na daftari siku mbili tatu kabla ya kupika, najiuliza glasi ile inukie nini, kisha narudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye dakika ya 60. Tupange pamoja bia ya lita 20. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kinasoma 1.070 kabla ya chachu na 1.013 ikimaliza kazi. Hiyo ni kilevi cha asilimia 7.5 hivi.

Mwisho kabisa ni hopsi baridi, zinazotiwa bia ikiwa imeshachachuka. Hapo hakuna moto, kwa hiyo uchungu wa iso-alfa hauongezeki. Tunachota harufu tu, kama mtu anavyotia asumini kwenye maji ya kunywa. Watu wa hapa siku hizi wamekuwa na ushindani wa kumwaga hopsi baridi kama pumba za ng'ombe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kule Corvallis, waliujaribu mtindo huo kwa Cascade na kuchapisha matokeo mwaka 2018: kati ya gramu 4 na 8 kwa lita harufu huongezeka vizuri, lakini ukipita 8 unachoongeza zaidi ni ladha ya majani na chai. Nami nilikuwa nimeshatupa pesa nyingi kabla sijasoma hayo. Sasa natia gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa bia yetu, nusu Citra na nusu Cascade, siku 3, basi.

Tunarudi nyuma hatua moja. Jiko limezimwa, maji ya kimea bado ya moto. Wengi hutia hopsi papo hapo, kwenye nyuzi 98 au 99, wakidhani kwa kuwa moto umezimwa basi uchungu umezimwa pia. Haujazimwa. Asidi alfa haijui kama jiko linawaka. Inajua joto tu. Utafiti mwingine wa chuo hicho hicho, wa mwaka 2005, ulipima kasi ya mageuzi yale kwenye joto mbalimbali, na hesabu zake zinaonyesha kwamba ukishuka kutoka nyuzi 100 hadi 90 kasi hupungua zaidi ya nusu. Kwenye nyuzi 80 inabaki kama sehemu moja ya sita. Kwa hiyo mimi hupooza sufuria kwanza, nikaangalia kipimajoto mpaka kisome 80, ndipo natia gramu 80 za Citra, nikakoroga kwa mwiko upande mmoja mpaka katikati pakawa na kisulisuli, nikafunika dakika 20. Mafuta mengi husalimika, na uchungu unaoingia ni kidogo, wa kupendeza.

Hatua nyingine nyuma, dakika ya 10: gramu 40 za Centennial. Nakiri hii ni ya mazoea zaidi kuliko hoja. Inaleta uchungu kidogo na ladha ya katikati, ile inayosikika bia ikiwa bado mdomoni. Siku nikiwa na haraka naiacha, na sijawahi kusikia mgeni akilalamika.

Kisha dakika ya 60, penye uchungu wenyewe. Hapa usipoteze hopsi ya bei. Tafuta yenye asidi alfa nyingi na harufu ya upole. Mimi hutumia Magnum ya Kijerumani yenye asilimia 13. Sasa twende hesabu, na mwenye simu atoe simu. Gramu 30 mara asilimia 13 ni gramu 3.9 za asidi alfa, au miligramu 3,900. Gawa kwa lita 20: miligramu 195 kwa lita. Asilimia 19 ya hizo itageuka, unapata 37. Kizio kimoja cha uchungu ni takriban miligramu moja ya iso-alfa kwa lita, kwa hiyo hapo tuna vizio 37. Dakika ya 10 hugeuza asilimia 7 tu: gramu 40 za Centennial yenye asilimia 10 zinatupa 14. Kisulisuli nakikadiria 12. Jumla 63.

Je, 63 ni nyingi? Kwenye bia nyepesi ya 1.045 ingekuwa kama kutafuna msesewe. Kwenye yetu ya 1.070 inakaa sawa. Kipimo changu cha haraka ni kuchukua zile tarakimu mbili za mwisho za haidromita, hapa 70, na kutaka uchungu uwe kama tisa ya kumi ya hizo. Tisa ya kumi ya 70 ni 63.

Na hapa pana mtego ambao wanaohama kutoka bia nyepesi kwenda kali hunasa kila mara. Maji ya kimea yakiwa mazito, hopsi hutoa uchungu kidogo zaidi. Kwa fomula ile ile, hopsi ya dakika 60 inayotoa asilimia 23 kwenye uzito wa 1.050 hutoa 19 kwenye 1.070. Mtu anachukua mpango wake wa zamani, anaongeza kimea ili apate kilevi, hagusi hopsi, halafu anashangaa bia imekuwa tamu kama sharubati. Imeongezeka utamu, na uchungu wenyewe umepungua.

Mtego mwingine ni wa kwetu nyanda za juu. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hopsi, nyuzi 5 hizo si mchezo: kasi ya mageuzi hupungua kama theluthi. Ukipika huko kwa kufuata kitabu kilichoandikwa na mtu wa pwani ya California, ongeza hopsi ya dakika 60 au chemsha kwa muda zaidi, na uamini ulimi wako kuliko kitabu. Bibi hakuwa na fomula, na mbege yake haikuwahi kurudishwa na mgeni.

Tena, soma pakiti. Asidi alfa hubadilika kwa mwaka na kwa shamba. Centennial ya mwaka huu ikiwa asilimia 10, ya mwakani inaweza kuwa 8.5, na gramu zile zile zitakupa bia nyingine. Pakiti ikishafunguliwa, itoe hewa, ifunge, iweke kwenye friza. Hopsi iliyokaa kabatini na joto hupoteza uchungu, na ikichakaa zaidi hunuka kama jibini iliyosahauliwa kwenye soksi.

Nimesema makosa yangu ni ya saa. Nitawapa moja. Miaka michache iliyopita nilipika eli kama hii, haidromita ikasoma 1.014 siku 2 mfululizo, nikasema imekwisha. Nikatia hopsi baridi, siku ya tatu nikaionja, inanukia kama bustani. Nikatia sukari ya kuleta povu, nikajaza chupa 48 jioni ile ile, nikazipanga kwenye kabati la koti. Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, tukasikia mlipuko. Mke wangu alidhani ni risasi. Kisha wa pili, wa tatu. Asubuhi makoti ya familia nzima yalikuwa yananuka balungi, na kipande cha kioo kilikuwa kimejikita kwenye mlango wa kabati kwa ndani, kimesimama kama msumari.

Kumbe hopsi ina vimeng'enya. Ukiitia baridi, isipochemshwa, vimeng'enya hivyo huvunja zile sukari ndefu ambazo chachu ilikuwa imeshindwa kuzila, na chachu inaamka kula tena. Gesi inazaliwa, na chupa imeshazibwa. Wala si ugunduzi wa jana: Brown na Morris waliliandika jambo hili mwaka 1893, wakichunguza hopsi baridi za Uingereza. Nilikuwa nimechelewa zaidi ya miaka 100. Siku hizi baada ya hopsi baridi naendelea kupima kwa haidromita. Ikishuka, nangoja. Ikisimama mahali pamoja siku 3 baada ya hopsi kuingia, ndipo nafunga chupa. Na chupa nazitaka nene, za kahawia. Mwanga ukipita kwenye chupa ya kijani huivunja iso-alfa na kuipa bia harufu ya kicheche.

Yaliyobaki ni madogo. Hopsi hunywa bia: gramu 270 tulizopanga zitaondoka na lita moja au zaidi, kwa hiyo pika lita 22 ukitaka 20. Unapohamisha bia, mpira uzame mpaka chini, isimwagike kwa juu ikachota hewa, kwa kuwa oksijeni huua harufu ya hopsi kuliko kitu chochote. Kwa sababu hiyo pia msiitunze. Eli ya Hodgson ilikomaa miezi baharini na watu wakaisifu; yetu, yenye harufu hizi za balungi na embe, inywewe ndani ya wiki 6 hadi 8.

Mwenye swali aulize sasa. Na yale maua niliyoyapitisha naomba yarudi yote hapa mezani, hata yaliyopasuliwa. Wenye mbwa nyumbani msiyatie mfukoni, wala masimbi ya hopsi msiyamwage uani: hopsi ni sumu kwa mbwa, huweza kumpandisha joto la mwili kwa saa chache tu mpaka akafa.